Mkono wa Kushoto wa Dakta Livingstone

1. Swali letu

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limekwisha kukupata wewe au jirani yako. Mtu wa Kagerankanda anakwenda Kasulu mjini kupigwa picha ya kitambulisho. Anapewa picha yake. Anaitazama na kushangaa. Anaona jicho moja limepanda kuliko la pili. Mdomo umekaa upande. Anafikiri mpiga picha ameharibu kazi.

Anarudi nyumbani na kuwaonyesha mkewe na majirani. Hao hawashangai hata kidogo. Wanasema ni yeye hasa, hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Basi anachukua kioo na kujitazama. Humo anauona uso wake wa siku zote, ule aliouzoea.

Je, ni kipi kinachosema kweli, kioo au picha?

Tutalijibu swali hili kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyejulikana sana, Dakta David Livingstone. Mtu huyu alikaa Ujiji, katika mkoa huu wa Kigoma, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Alisafiri na kioo. Alisafiri na taa ya kuonyesha picha. Alipigwa picha mara nyingi. Na alipokufa, mkono wake wa kushoto ndio uliothibitisha kwamba ni yeye.

2. Mtoto wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba.

Alipotimiza miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda hicho. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika katika mashine. Alianza kazi saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku. Baada ya hapo hakwenda kulala. Alikwenda katika darasa la jioni na kusoma mpaka saa 4 usiku.

Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunza lugha ya Kilatini. Mchana alikiweka kitabu juu ya mashine yake. Kila alipopita alisoma sentensi moja, akaendelea na kazi. Kelele za mashine hazikumzuia. Wanakisomo wanaosoma jioni baada ya kutoka shamba wataona kwamba si wao wa kwanza kufanya hivyo.

Kwa bidii hiyo akaingia chuo cha Glasgow mwaka 1836 kusomea udaktari. Mwaka 1840 akafuzu. Mwaka huo huo akatumwa Afrika na Chama cha Misioni cha London. Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1841.

3. Simba wa Mabotsa

Livingstone alianzisha kituo mahali panapoitwa Mabotsa, katika nchi ya Watswana. Huko simba waliwasumbua watu sana. Waliingia katika mazizi usiku na kuua ng'ombe.

Siku moja mwaka 1844 wanakijiji walitoka kuwawinda simba hao, naye Livingstone akaenda pamoja nao. Alimwona simba nyuma ya kichaka, akampiga risasi mbili. Alipokuwa akijaza bunduki tena, simba akamrukia. Akamshika bega la kushoto, akamwangusha chini na kumtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya.

Mwalimu mmoja Mtswana aliyeitwa Mebalwe alilenga bunduki yake ili amwokoe. Bunduki haikulia. Simba akamwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe na kumwuma paja. Mtu mwingine akaja na mkuki, naye akaumwa bega. Ndipo zile risasi mbili za kwanza zikafanya kazi yake. Simba akaanguka, akafa.

Mfupa wa mkono wa kushoto wa Livingstone, ule ulio kati ya bega na kiwiko, ulikuwa umevunjika vipande vipande. Mkononi zilibaki alama 11 za meno. Mfupa haukuungana sawasawa. Tangu siku hiyo hakuweza tena kuuinua vizuri mkono ule.

Ndugu msomaji, ukumbuke jambo hili: ulikuwa mkono wa kushoto. Tutaurudia.

4. Kioo cha safarini

Mwaka 1845 Livingstone alimwoa Mary Moffat. Baadaye akaanza safari ndefu. Mwaka 1851 alifika mto Zambezi. Kisha akaondoka na watu 27 waliopewa na Sekeletu, mtawala wa Wamakololo, wakatembea mpaka Luanda katika pwani ya magharibi. Walifika huko mwaka 1854. Wakarudi, wakafuata Zambezi kuelekea mashariki. Mwaka 1855 aliyaona maporomoko ya maji ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi ungurumao. Yeye akayapa jina la malkia wake, Victoria. Mwaka 1856 alifika Quelimane katika pwani ya Msumbiji.

Mwaka 1857 aliandika kitabu juu ya safari hizo. Ndani yake anasimulia habari za kioo chake. Katika nchi za Zambezi, wanawake walikuja mara nyingi kukiazima. Yeye alijifanya anasoma, kumbe anasikiliza. Mmoja aliuliza kama kweli yule ni yeye. Mwingine alisikitika kwamba mdomo wake ni mkubwa. Mwingine aliona masikio yake mapana kama majani ya maboga. Mwingine alisema hana kidevu kabisa.

Akaja na mwanamume mmoja alipodhani kwamba Livingstone amelala. Akajitazama, akaupinda mdomo huku na huku. Kisha akajiambia kwamba watu husema yeye ni mbaya wa sura, na kumbe ni kweli.

Wazungu waliosoma kitabu hicho walicheka. Lakini hapakuwa na sababu ya kuwacheka watu wale. Uso ni kitu ambacho mwenyewe hawezi kukiona. Unaweza kuutazama mkono wako, mguu wako na tumbo lako. Uso wako huwezi, isipokuwa kwa msaada wa kitu kingine: maji yaliyotulia, kioo au picha. Kila mtu anayeuona uso wake kwa namna asiyoizoea hushtuka. Yule mtu wa Kagerankanda alishtuka kwa picha yake. Mzungu wa London naye hushtuka hivyo hivyo.

5. Jinsi kioo kinavyofanya kazi

Sasa tutazame kazi ya kioo. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwanga wa jua ukiugonga uso wako, hutawanyika pande zote. Sehemu ya mwanga huo huenda katika kioo. Nyuma ya kioo pamepakwa madini yanayong'aa. Hayo huurudisha mwanga, kama ukuta unavyourudisha mpira uliotupwa. Mwanga ukiingia machoni pako, unauona uso wako.

Lakini uso huo umegeuzwa. Fanya jaribio hili. Simama mbele ya kioo ukielekea mashariki. Inua mkono wako wa kulia. Mkono huo uko upande wa kusini. Yule unayemwona katika kioo naye ameinua mkono ulio upande wa kusini. Lakini yeye anaelekea magharibi. Mtu anayeelekea magharibi, mkono wake wa kusini ni wa kushoto. Basi wewe umeinua wa kulia, naye anaonekana ameinua wa kushoto.

Ukichunguza vizuri utaona kwamba kioo hakibadilishi kusini na kaskazini. Wala hakibadilishi juu na chini. Kinabadilisha mbele na nyuma tu. Ukinyosha kidole mashariki, yeye anakinyosha magharibi. Badiliko hilo moja ndilo linalofanya kulia kuonekana kushoto.

Jaribu pia kwa herufi. Andika katika karatasi, kwa herufi kubwa, neno KISOMO. Lielekeze kwenye kioo. Hutaweza kulisoma kwa urahisi, maana limegeuka. Sasa andika neno AMA. Hilo litasomeka vile vile. Sababu ni nini? Upande mmoja wa herufi A unafanana na upande wa pili. Herufi M nayo ni hivyo hivyo. Herufi K na S hazifanani pande zote mbili.

Uso wa mtu si kama neno AMA. Uso ni kama neno KISOMO. Pande zake mbili hazifanani kabisa. Jicho moja limepanda kidogo. Nyusi moja ni nene zaidi. Mdomo huvutwa upande mmoja mtu anapocheka. Pengine kuna kovu au chale upande mmoja.

Wewe umezoea kuuona uso wako katika kioo, yaani umegeuzwa. Jirani zako wamezoea kuuona bila kugeuzwa. Picha ya kawaida inaonyesha uso kama jirani wanavyouona. Ndiyo maana wao hawashangai, nawe unashangaa.

Fikiri habari za Livingstone. Mbele ya kioo, yule aliyemwona alikuwa na ubovu katika mkono wa kulia. Lakini Mebalwe, aliyekuwapo siku ya simba, alijua kwamba mkono mbovu ni wa kushoto.

6. Taa ya picha

Livingstone alikuwa na chombo kingine. Kilikuwa taa ndani ya sanduku, yenye kioo kinene cha kukuza mbele yake. Picha zilichorwa juu ya vipande vya kioo. Mwanga wa taa ulipita katika picha, ukaitupa kubwa sana ukutani au juu ya nguo nyeupe.

Mwanzoni mwa mwaka 1854 aliionyesha taa hiyo kwa mtawala Shinte, katika nchi ya Walunda. Picha ya kwanza ilimwonyesha Ibrahimu akiinua kisu ili amchinje mwanawe. Livingstone alipokivuta kile kipande cha kioo, kisu kilionekana kikiwaendea wanawake waliokaa pale. Wakapiga kelele, wakakimbia wakiangukiana. Shinte hakukimbia. Alikaa mpaka mwisho, kisha akakichunguza chombo chenyewe ajue kinavyofanya kazi. Huko nchi za mbele, watu walitoka mbali kuja kuzitazama picha hizo.

Taa ile ilikuwa na siri yake. Kioo cha kukuza hupindua picha. Kwa hiyo mwenye taa hukiweka kipande kichwa chini ili watazamaji wakione wima. Kamera nayo hufanya hivyo. Ni sanduku la giza lenye kioo cha kukuza mbele, na picha inayoingia ndani huwa imepinduka kichwa chini. Hata ndani ya jicho la mtu picha hupinduka. Akili ndiyo inayotuwezesha kuona mambo yamesimama.

7. Livingstone mbele ya kamera

Aliporudi Uingereza mwaka 1856, Livingstone alikuwa mtu mashuhuri. Wachoraji walimchora. Wapiga picha walimpiga picha. Mwaka 1864, huko Uskoti, alipigwa picha na Thomas Annan, aliyekuwa mpiga picha maarufu wa Glasgow. Katika picha za miaka ile uso wake ni mkavu, hana tabasamu. Watu wengi wa zamani wako hivyo katika picha. Kamera za wakati ule zilikuwa za polepole. Mtu alitakiwa atulie kimya kwa sekunde kadhaa. Akitikisika, picha inaharibika. Tena ni vigumu kushikilia tabasamu kwa muda huo wote. Basi tusidhani kwamba watu wale hawakujua kucheka.

Picha za kwanza kabisa zilikuwa na ajabu nyingine. Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha hizo zilitoka zimegeuzwa, kama katika kioo. Kovu la kushoto lilionekana kulia. Baadaye ikaja njia ya bamba la kioo. Nakala ya picha ilitolewa katika karatasi kutoka bamba hilo, na katika karatasi uso ulirudi kuwa sawa.

Hivyo si kila picha inasema kweli. Kamera ikiwa karibu sana na uso, pua huonekana kubwa na masikio madogo. Ikirudi nyuma hatua mbili tatu, uso hukaa vizuri. Pia kioo hukuonyesha ukitembea na kugeuka, nawe hujipanga upesi bila kujua. Picha hukamata nukta moja tu. Pengine nukta hiyo ulikuwa unafumba jicho.

Siku hizi watu wengi hujipiga picha kwa simu. Wakati wa kujitazama, kamera ya mbele hukuonyesha kama kioo. Simu nyingine ikisha kupiga huigeuza picha, iwe kama watu wanavyokuona. Ndiyo maana uso huonekana kama umeruka upande.

Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Wisconsin, Marekani, walieleza uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliwaonyesha wanawake picha mbili za nyuso zao. Moja ilikuwa ya kawaida na nyingine iligeuzwa kama katika kioo. Wenye nyuso wengi walipenda ile iliyogeuzwa. Rafiki zao wengi walipenda ile ya kawaida. Uso ulikuwa mmoja. Kila mtu alipenda alichokizoea.

8. Miaka ya Ujiji

Kati ya mwaka 1858 na 1864 Livingstone aliongoza safari ya Zambezi na Ziwa Nyasa. Mambo mengi yaliharibika. Mary, mkewe, alikufa kwa homa huko Shupanga mwaka 1862. Mwaka 1866 alikuja tena, kupitia Unguja na mto Ruvuma. Alitaka kujua chanzo cha mto Nile. Alitaka pia kueleza dunia habari za biashara ya watumwa.

Miongoni mwa watu wake walikuwamo Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 alipokuwa mtoto.

Tarehe 14 Machi, 1869, Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa sana. Vitu vingi alivyotumiwa vilikuwa vimeibwa. Akavuka Ziwa Tanganyika, akaingia nchi ya Manyema. Karatasi zilikwisha. Wino ukakwisha. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino aliotengeneza kwa maji ya matunda. Mwaka 2011 wataalamu walizipiga picha karatasi hizo kwa mianga ya aina mbalimbali, wakayasoma maandishi yaliyokuwa yamefifia kabisa. Wakaona kwamba aliyoandika mara ya kwanza hayakulingana yote na kitabu kilichotolewa mwaka 1874. Safari hiyo kamera iliona yasiyoonekana kwa macho.

Katika siku hizo alimwandikia binti yake Agnes. Alimweleza kwamba meno yake yameharibika na kung'oka, na kwamba tabasamu lake sasa ni kama la kiboko dume. Mtu huyo alijijua sura yake, wala hakujidanganya.

Tarehe 15 Julai, 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwaua watu wa sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Moyo wake ulivunjika. Akarudi Ujiji mwezi Oktoba, amekonda, hana mali. Hata hivyo tuseme kweli yote: mara nyingi yeye mwenyewe aliishi kwa msaada wa wafanyabiashara wa aina ile ile, maana wao ndio waliokuwa na chakula na njia.

Wakati huo mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, alikuwa akimtafuta. Stanley alipita katika nchi ya Waha. Watawala wa Waha walimdai hongo ya nguo, kama walivyomdai kila mwenye msafara aliyepita katika ardhi yao. Alitoa nguo nyingi. Kisha akaona zitakwisha, akamlipa mtu wa kumwongoza, wakatoroka usiku kwa njia za porini. Mwezi Novemba, 1871, akaingia Ujiji.

Huenda umeona picha ya watu hao wawili wakiamkiana kwa kuvua kofia. Picha hiyo haikupigwa kwa kamera. Pale Ujiji hapakuwa na kamera siku ile. Ilichorwa baadaye kwa ajili ya kitabu cha Stanley. Naye Stanley aliporudi London mwaka 1872 alipigwa picha pamoja na kijana wake Kalulu. Nyuma yao ilionekana kama nchi ya Afrika, kumbe ni nguo iliyochorwa ndani ya nyumba ya mpiga picha.

9. Mkono unatoa ushahidi

Stanley na Livingstone walikwenda pamoja mpaka Tabora. Stanley akarudi kwao mwezi Machi, 1872. Livingstone alikataa kurudi. Akaenda tena kusini kutafuta chanzo cha Nile. Alikitafuta mahali ambapo hakipo. Kumbe vijito vya mbali vya Nile viko Rwanda na Burundi, si mbali na nyanda hizi za Kibondo na Kasulu.

Tarehe 1 Mei, 1873, alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watu wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi, Chuma na wenzao wakafanya shauri. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Wakaamua kumpeleka pwani. Waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa huko Nasik, India, alisoma sala za maziko. Akachonga juu ya mti jina la marehemu na tarehe. Kisha wakaukausha mwili juani kwa siku 14, wakauviringisha katika nguo na gome la mti.

Wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500. Baadhi yao walikufa njiani. Tabora walikutana na Mwingereza, Luteni Cameron. Akawashauri wauzike mwili pale pale. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakatengeneza mzigo wa uongo wa miti, wakajifanya wanaurudisha Tabora. Mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo, wakapita. Mwezi Februari, 1874, walifika Bagamoyo.

Hapo walilipwa mishahara yao. Susi na Chuma hawakupewa nafasi katika meli. Jacob Wainwright alikwenda pamoja na mwili kwa gharama ya wamisioni.

Mwezi Aprili mwili ulifika Uingereza. Sasa likazuka swali kubwa. Nani angeweza kuhakikisha kwamba huyu ni Livingstone? Uso ulikuwa umekauka, haukutambulikana. Picha za kamera hazikusaidia. Wengine huko Ulaya hawakuamini kwamba Waafrika wangeweza kufanya kazi kubwa kama hiyo bila kusimamiwa na Mzungu. Kama swali hilo lingekosa jibu, Susi, Chuma na wenzao wangeitwa waongo.

Daktari mpasuaji Sir William Fergusson, aliyewahi kuutazama mkono wa Livingstone alipokuwa hai, akaitwa. Akaufunua mkono wa kushoto. Akaupapasa mfupa wa juu. Pale pale alipoutazamia, akaukuta umevunjika na kuungana vibaya. Ilikuwa kazi ya simba wa Mabotsa, miaka 30 iliyopita. Akathibitisha kwamba ni yeye. Tarehe 18 Aprili, 1874, Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Mfupa hauko kama kioo, haugeuzi kushoto kuwa kulia. Mfupa ulisema kweli, na kwa kusema kweli uliwatetea watu walioubeba.

Baadaye mwaka huo Susi na Chuma waliitwa Uingereza kusaidia kutengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone. Huko walipigwa picha pamoja na watoto wake. Picha hizo zipo hata leo. Chuma alikufa mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.

10. Tunajifunza nini?

Kwanza, tumepata jibu la swali letu. Kioo hukuonyesha uso wako umegeuzwa. Picha nzuri, iliyopigwa kwa umbali wa kutosha, hukuonyesha kama watu wanavyokuona. Mpiga picha wa Kasulu hakuharibu kazi. Wala uso wako si mbaya. Ni mgeni kwako tu. Ukiitazama picha yako mara nyingi, utaizoea.

Pili, maisha ya mtu nayo yana kioo na picha. Kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya vilikuwa kioo cha Ulaya. Wazungu walimwona humo Livingstone kama shujaa aliyetembea peke yake. Lakini waliomwona uso kwa uso walijua zaidi. Mebalwe alimponya na simba. Susi, Chuma, Wainwright na mpishi Halima walimwuguza na kumlisha. Walijua wema wake na ukali wake. Taarifa zake zilisaidia kuleta mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, ingawa yeye alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla. Lakini vitabu vyake na ramani zake viliwafungulia njia pia waliokuja baadaye kuitawala Afrika. Hayo mawili yote ni kweli, kama mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja.

Tatu, mtu asijihukumu kwa kioo peke yake. Katika kioo tunajitazama wenyewe na kujipanga wenyewe. Jirani ndiye anayekuona ukicheka, ukikasirika na ukifanya kazi. Mwenye hekima hujitazama katika kioo, kisha akamwuliza jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Livingstone alipataje nafasi ya kusoma alipokuwa mtoto wa kiwandani?
2. Andika jina lako kwa herufi kubwa, ulielekeze kwenye kioo. Ni herufi zipi hazikugeuka? Kwa sababu gani?
3. Kwa nini watu wa zamani hawatabasamu katika picha?
4. Picha ya kuamkiana pale Ujiji ilipatikanaje?
5. Kama simba asingeuvunja mkono wa Livingstone, Susi na Chuma wangethibitishaje maneno yao?
6. Je, katika kijiji chenu kuna mtu aliyefanya kazi kubwa, lakini jina lake halikuandikwa? Simulieni habari zake, kisha mmoja wenu aziandike.